Don Liborio Apokea Mrehani

Kila mwaka, ifikapo tarehe ishirini na nne Juni, Don Liborio Cusumano alikuwa anakimbia zawadi. Hakuwa anakimbia polisi wala wezi, bali zawadi. Mtu mzima mwenye tumbo lake, sharubu zimepakwa nta, kofia ya ukindu ya Kimarekani kichwani, anatoka asubuhi na mapema kwa mlango wa nyuma, anapanda treni hadi ufukweni, anakaa peke yake kwenye benchi akitafuna karanga zilizokaangwa kwa sukari mpaka siku ikatike. Jumba zima la Mtaa wa Elizabeth lilijua anakokwenda, na jumba zima lilikuwa likimcheka.

Hakuwa mwendawazimu. Alikuwa Msicilia, na huko Sicilia siku ya Mtakatifu Yohana ndiyo siku ya kufungana undugu. Ukimpa mtu chungu cha mrehani chenye utepe mwekundu, naye akakipokea kwa mkono wake, kisha akakurudishia chochote, kitambaa, chungwa, hata kitana chenye meno matatu, basi mmeshakuwa ndugu wa kiapo. Mwanamume anaitwa kumpari, mwanamke anaitwa kumari. Hamgombani tena. Hamshitakiani. Hamtoleani vyombo nje. Na anayekivunja kiapo hicho, Mtakatifu Yohana mwenyewe humshughulikia, tena bila haraka. Watu wa Roccaspina, kijiji walikotoka karibu wapangaji wote wa jumba lile, walikuwa wakisema huanza na meno.

Sasa hebu mfikirieni maskini Don Liborio. Yeye mwenyewe ni mtoto wa Roccaspina, na kazi aliyopewa na tajiri mwenye jumba ni kukusanya kodi na kufukuza wapangaji. Mwaka wake wa kwanza kazini alifungua mlango asubuhi ya siku hiyo akakuta vyungu kumi na saba vya mrehani vimepangwa koridoni, na nyuma ya kila chungu mwanamke anatabasamu. Aliruka dirishani. Tangu hapo ndipo alipoipenda bahari.

Aliyekuja kumnasa alikuwa mjane wa ghorofa ya nne, Agrippina Scaduto, ambaye watu walimwita Bi Pina.

Bi Pina alikuwa mfupi, mweusi wa jua ambalo hakuwa ameliona sawasawa kwa miaka kumi na saba, na macho yake hayakutulia mahali pamoja. Hadithi yake ya kwanza Marekani ilianza kabla hata hajakanyaga mji. Pale kisiwani wanapopokelea wageni, daktari alikuwa akimgeuza kila mtu kope kwa kulabu kuona kama macho yana ugonjwa. Wanawake wazima walikuwa wakilia. Zamu ya Bi Pina ilipofika alisimama kimya, akageuzwa kope la kulia, akageuzwa kope la kushoto. Daktari alipomaliza, Bi Pina akanyoosha mkono, akamshika daktari kope, akaligeuza vilevile.

"Mwambie," alimwambia mkalimani, "ya kwake mekundu kuliko yangu. Yeye anarudishwa kwao na meli gani?"

Daktari alicheka mpaka akasahau alichotaka kuandika. Ndivyo alivyoingia Marekani, na mbegu za nyanya zikiwa zimeshonewa kwenye pindo la gauni.

Mumewe Saro alichimba mahandaki ya treni ya chini kwa chini kwa miaka tisa, kifua kikamwondoa. Hawakujaliwa watoto. Bi Pina akabaki na chumba kimoja ambacho dirisha lake lilitazama ukuta wa matofali, na kazi ya kushona matundu ya vifungo vya makoti ya wanaume ambao hatakutana nao maishani. Alikuwa akisema anawajua Wamarekani kifua kwa kifua, ila sura zao ndizo asizozijua.

Lakini alikuwa na paa. Jumba lile lilikuwa na paa bapa, na kila Agosti Bi Pina alipandisha huko mbao zake sita, akazipaka rojo la nyanya lililotiwa chumvi, akalikoroga kwa viganja kutwa nzima, siku tatu mfululizo, mpaka jua likalikausha likawa zito na jekundu kama udongo wa mfinyanzi. Kisha akaligawa. Mwanamke aliyejifungua alipata donge. Mwanamume aliyevunjika mguu alipata donge. Waliogombana walipelekewa donge moja wagawane, ili wagombane vizuri. Siku hizo tatu alikuwa akiimba huku miguu iko peku, na jua lilikuwa likimpata mwili mzima. Mwaka mzima uliobaki alikuwa akiusubiri.

Basi Agosti ya mwaka 1909 upepo ulikuja wa ghafla, ubao mmoja ukapinduka, na donge la rojo likashuka ghorofa sita moja kwa moja. Chini alikuwa amesimama tajiri mwenye jumba, amevaa suti nyeupe, mpya. Kuna waliosema Bi Pina alichungulia kwanza. Yeye alikana maisha yake yote, lakini kila akikana alikuwa akitazama pembeni.

Tajiri hakusahau. Juni iliyofuata Don Liborio alipanda ngazi akihema, akampa Bi Pina karatasi.

"Unahama, Bi Pina. Tarehe mosi Julai chumba kiwe kitupu."

"Kwa ajili ya nyanya?"

"Kwa ajili ya suti."

"Nitamfulia."

"Alishaichoma moto. Usinitazame hivyo, mimi natumwa."

"Na mimi niende wapi, Liborio? Marehemu mama yako nilimsukia nywele."

"Una wifi yako Buffalo."

Ndiyo, alikuwa na wifi Buffalo, mwanamke aliyekuwa akichemsha tambi mpaka zinakuwa uji, katika mji ambako theluji hulala mpaka Aprili. Miaka hamsini na minane si umri wa kuanza kula uji wa tambi. Bi Pina alikaa kitandani mchana kutwa bila kushona tundu hata moja. Kisha akainuka, akafunga kilemba chake cheusi, akateremka kwa Nunzio kinyozi, ambaye duka lake lilikuwa chini ya jumba na ambaye ndiye peke yake aliyejua kuandika Kiingereza ukiacha Don Liborio.

"Nunzio mwanangu, niandikie barua kwa watu wa jiji. Wale wanaokagua ngazi za chuma za kukimbilia moto."

"Unashitaki nani, Mama Pina?"

"Najishitaki mwenyewe. Andika kwamba kwenye jumba hili kuna mwanamke mkaidi anaweka chungu kwenye ngazi ya moto, na waje wamwone kwa macho yao. Waje Ijumaa ya tarehe ishirini na nne, saa nne asubuhi."

Nunzio aliweka wembe chini. "Ishirini na nne ni Mtakatifu Yohana."

"Ehe! Kumbe misa unakwenda."

"Don Liborio akijua nimeandika mimi, na mimi nitahama."

"Mkeo alipojifungua mapacha, nani alileta rojo la nyanya?"

"Wewe."

"Na mapacha walipougua surua?"

"Wewe, Mama Pina. Wewe, wewe, wewe. Leta wino."

Barua ikaenda. Ofisi ya jiji nayo ikamwandikia tajiri kwamba mkaguzi atafika siku hiyo na saa hiyo. Tajiri akamwita Don Liborio, akamwambia msimamizi asiyekuwepo siku ya ukaguzi asijisumbue kuwepo siku nyingine. Ndivyo ilivyokuwa kwamba, kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, siku ya Mtakatifu Yohana ilimkuta Don Liborio nyumbani.

Alijihami. Alivaa koti lake zito pamoja na joto lote lile, kwa sababu lilikuwa na mifuko mirefu, akatumbukiza mikono humo mpaka viwiko, akaapa haitoki. Wanawake nao walikuwa wamejipanga ngazini tangu asubuhi, wengine wanamenya viazi, wengine hawafanyi lolote, wamekuja kutazama tu.

"Don Liborio, nishikie mtoto nifunge kiatu," alisema Vennera wa ghorofa ya pili, mwanamke mwenye sauti ya tarumbeta.

"Mweke chini."

"Chini pamelowa."

"Basi kiatu kisifungwe!"

"Don Liborio, umeangusha kitambaa chako."

"Si changu."

"Kina herufi za jina lako."

"Na kibaki nazo!"

"Jamani, Don Liborio, una inzi kwenye sharubu."

"Mwache apumzike."

Jasho lilimtiririka, lakini mikono haikutoka. Mkaguzi alipofika, kijana mrefu aliyeitwa Bwana Pruitt, alinyoosha mkono wake kusalimia, na Don Liborio akamwinamia tu kama padri mbele ya madhabahu. Kijana akadhani ndiyo desturi ya Waitaliano, naye akainama.

Wakakagua ghorofa ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ngazi za chuma zilikuwa safi ajabu. Si godoro, si ndoo, si kamba ya nguo, maana wanawake walikuwa wameondoa kila kitu usiku wa kuamkia siku hiyo ili pasiwe na kingine cha kutazama. Ghorofa ya nne, ng'ambo ya dirisha la koridoni, katikati kabisa ya ngazi, kilikaa chungu cha mrehani, mbichi, mnene, kinanukia mpaka ndani.

"Cha nani hiki?" aliuliza mkaguzi, na Nunzio, aliyekuwa amepanda nao akiwa na povu la sabuni mkononi bado, akatafsiri.

"Changu," alisema Bi Pina kwa upole.

"Hakiruhusiwi hapa."

"Najua, mwanangu. Kitoeni. Mimi mgongo wangu hauinami siku hizi."

Uso wa Don Liborio ulibadilika rangi. "Bwana mkaguzi, kitoe wewe."

"Sheria haisemi mimi. Inasema msimamizi wa jumba. Na kikibaki hapo nikiondoka, naandika faini kwa tajiri wako."

Hata viazi viliacha kumenywa. Don Liborio akapita dirishani taratibu, akakizunguka kile chungu kama paka anavyozunguka samaki aliye motoni. Alikitazama mbele, akakitazama nyuma. Akatoa kalamu mfukoni, akafunua majani kwa ncha yake, jani kwa jani, mpaka kwenye udongo. Polepole, chini ya sharubu, meno yakaanza kuonekana.

"Hakuna utepe," alisema. Kisha kwa sauti: "Hakuna utepe, Bi Pina! Umesahau utepe! Uzee huo!"

"Ndio hivyo, mwanangu," Bi Pina alijibu. "Uzee."

Wote walijua kwamba mrehani usio na utepe ni mboga tu. Don Liborio akautoa na mkono wa pili, akavikunjua vidole vilivyokufa ganzi, akakiinua chungu kwa mkono wa kushoto, akakipakata kifuani kama mshindi.

"Vizuri," alisema mkaguzi. "Sasa mpe mwenyewe karatasi. Mali ya mpangaji ikichukuliwa, mwenyewe anapewa karatasi."

Karatasi ndiyo iliyokuwa furaha ya Don Liborio. Aliiegemeza ukutani, akaandika kwa mwandiko wenye mikia mirefu kwamba amepokea kutoka kwa Agrippina Scaduto chungu kimoja cha mrehani, akatia sahihi, akampa. Bi Pina aliipokea kwa mikono miwili. Akaibusu. Akaitia kifuani.

"Ahsante, kumpari," akasema.

"Kumpari nani? Nimekwambia hakuna utepe!"

"Tazama chini ya chungu."

Don Liborio alikigeuza chungu polepole. Chini, kwenye lile tundu la kutolea maji, utepe mwekundu ulikuwa umepenyezwa na kufungwa fundo zuri, fundo la mshona vifungo. Ncha zake mbili zilikuwa zimelala kwenye kiganja chake. Alikuwa ameushika muda wote.

Jumba lililipuka. Vennera alipiga vigelegele vilivyosikika mpaka mtaa wa pili.

"Haikubaliki!" alipiga kelele Don Liborio. "Sikupokea zawadi! Nimechukua kwa amri ya jiji!"

"Umechukua kwa mkono wako au kwa mkono wa jiji?" aliuliza Vennera.

"Wangu, lakini..."

"Na karatasi umempa kwa mguu?"

"Ni karatasi ya sheria ya Marekani!"

"Mtakatifu Yohana hajasoma sheria za Marekani, kumpari," alisema Bi Pina. "Hata mimi sijasoma. Yeye anatazama mikono."

"Wanasema nini?" aliuliza Bwana Pruitt.

"Wanampongeza, bwana," alijibu Nunzio. "Amepata dada."

Don Liborio akamsukumia Bi Pina chungu. "Chukua! Chukua chungu chako!"

Bi Pina akatumbukiza mikono yote miwili kwenye mifuko ya aproni mpaka viwiko. Vennera akaficha yake mgongoni. Kila Don Liborio alipoteremka ngazi moja, wanawake waliokaa hapo walificha mikono, kutoka ghorofa ya nne mpaka mlango wa mtaani, huku mkaguzi akishuka nyuma yake akimwinamia kila mmoja kwa adabu.

Nyinyi mtasema shauri liliishia hapo. Halikuishia. Kucheka ni siku moja, na notisi ya kuhama ilikuwa bado juu ya meza ya Bi Pina na tarehe yake. Don Liborio alitangaza kwa kinyozi kwamba yeye ni Mmarekani, kwamba mambo ya vyungu aliyaacha ng'ambo ya bahari, na kwamba tarehe mosi ni tarehe mosi. Bi Pina alizipata habari hizo, akaendelea kushona, lakini Vennera aliona siku hiyo ameshona tundu kwenye mkono wa koti badala ya kifua.

Ila kuna mambo mawili ambayo jumba liliyagundua. La kwanza, chungu cha mrehani kilionekana dirishani kwa Don Liborio, na kila asubuhi, akidhani hakuna anayemtazama, mkono wenye pete ulitokea nyuma ya pazia ukimwaga maji kidogo. La pili lilikuja Jumapili. Don Liborio alitoka kanisani akiwa ameshika shavu.

Jino lile lilikuwa bovu miaka miwili. Karanga za sukari zilikuwa zimelifanyia kazi yake. Nunzio alishamwambia mara nne aling'oe. Lakini maumivu yalianza Jumapili hiyo, siku mbili baada ya Mtakatifu Yohana, na mwenye jino ni mtoto wa Roccaspina. Jumatatu shavu lilivimba. Jumanne alikuwa anakunywa supu kwa mrija. Jumatano Nunzio alimng'olea, na Don Liborio alipolitazama jino kwenye kiganja chake alisema kwa mdomo uliojaa pamba, "La kwanza." Akaanza kupapasa kwa ulimi yaliyobaki.

Ijumaa, tarehe mosi Julai, Bi Pina alivaa gauni lake jeusi la misa. Hakufunga mzigo hata mmoja. Alizipanga mbao zake sita ukutani, akakaa mbele yake kama mtu anayelinda ng'ombe. Alizisikia hatua za Don Liborio tangu ghorofa ya kwanza. Kwenye ghorofa ya pili zilisimama. Ya tatu zikasimama tena. Bi Pina akaikalia mikono yake.

Don Liborio akaingia, kitambaa kimefungwa kuzunguka taya, fundo utosini kama masikio ya sungura, kofia mkononi.

"Bi Agrippina," alianza.

"Karibu, kumpari."

Alizitazama mbao. Akaitazama ile karatasi yake yenye mikia mirefu, ambayo sasa ilikuwa imetundikwa ukutani chini ya picha ya Mtakatifu Yohana, ikiwa na utepe mwekundu. Akashusha pumzi.

"Nimekwenda kwa tajiri. Nimemwambia mkaguzi yule alikuwa mkali kupita kiasi. Nimemwambia jiji siku hizi linataka kila paa liwe na mtu wa kuliangalia, moto usije ukazuka, hasa Agosti. Mtu wa kukaa huko juu kutwa nzima. Akauliza mpumbavu gani atakubali kukaa juu ya paa Agosti. Nikamwambia ninaye."

Bi Pina akaichomoa mikono aliyokuwa ameikalia.

"Kwa hiyo unabaki," alisema Don Liborio. "Lakini mbao zitafungwa kamba. Na upepo ukija, nitazishika mwenyewe, maana wewe nakujua."

"Mungu akuzidishie, Liborio."

"Liborio nani?"

"Kumpari."

"Ehe." Akavuta kiti, akakaa, akaweka kofia juu ya goti. Kitu fulani kilianza kucheza kwenye kona ya jicho lake, na Bi Pina, aliyekuwa bingwa wa vitu vya namna hiyo, alikitambua akiwa amechelewa. "Sasa, kumari. Kiapo kina pande mbili, au sivyo? Kumpari hatolewi mezani. Mimi ni mtu peke yangu, hapa Marekani nakula hotelini miaka kumi na mbili. Jumapili unapika nini?"

Alikuja Jumapili hiyo. Akaja Jumapili iliyofuata. Agosti alipanda paani na kofia yake ya ukindu na fulana ya ndani, akazishika mbao upande wa upepo huku Bi Pina anakoroga na kuimba, na tajiri alipopita chini wote wawili walichungulia, kisha wakatazamana, wakarudi nyuma hatua moja kwa heshima ya Mtakatifu. Akaendelea kuja miaka kumi na minne. Alikuwa anakaa kwenye kiti cha marehemu Saro, alikuwa anafungua vifuniko vya sufuria kabla ya kusalimia, na hapakuwa na Jumapili aliyokula bila kukosoa.

"Kumari," alikuwa akisema, ameweka uma chini, "leo chumvi imepungua."

Bi Pina alikuwa akishika mwiko kwa nguvu mpaka vidole vigeuke vyeupe. Maneno yalikuwa yakimjaa mdomoni, maneno mazuri, ya moto, yaliyoiva. Halafu alikuwa akiinua macho ukutani kwenye ile picha, akapitisha ulimi kwenye meno yake, moja baada ya jingine, akayakuta yote yapo.

"Ongeza mwenyewe, kumpari," alikuwa akisema. "Kikopo cha chumvi hicho hapo."